Jibu: Usipeleke watu 40 kwa projekti ya wenyewe bila hodi

Simama hapo hapo bana. Unaandaa siku ya watu kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho, ukauliza ukumbi wa watu 40, tisheti, na kama wanaoanza waanzie lugha ya Python, halafu katikati ukatupia kama kitu kidogo tu eti kila mtu atatuma badiliko moja kwa projekti ya watu siku hiyo hiyo ndio asiende nyumbani mikono mitupu. Hapo ndio nimeshika kichwa.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, Jumamosi moja, chumba cha kuazima Ngong Road, vijana 31, mandazi ya kufuliza. Kuna jamaa wa video alituaminisha kwamba programu huria ni kama chakula cha matanga, unajipakulia tu, rekebisha neno moja kwa README, lile faili la maelezo ya projekti, tuma, ushakuwa mchangiaji. Jamaa mpaka leo anauza kozi, aibu nimebaki nayo mimi. Na si eti sikuonywa: Oktoba 2020 Hacktoberfest, ile kampeni ya kuhamasisha watu wachangie programu huria, ilikuwa inatoa tisheti kwa michango minne, watu wakamwaga takataka za README dunia nzima hadi tarehe 3 waandaaji wakabadilisha sheria, projekti ijiandikishe yenyewe kwanza ndio michango yake ihesabiwe. Hiyo habari nilisoma, nikacheka, halafu nikaenda kununua mandazi.

Saa nane mchana tukabonyeza wote kutuma. Kumbe projekti ni ya mtu mmoja, anaikagua usiku akitoka kazini, na sasa simu yake inalia mara 31. Piga dakika kumi kwa kila moja, hizo ni zaidi ya saa tano za mtu halipwi hata shilingi. Hata hakufoka, na ndio iliuma zaidi. Akazifunga bila kuzipokea, moja baada ya nyingine, jibu lile lile: asante, ila tafadhali msitume tena. Chumba kikanyamaza, nikasikia mtu akitafuna.

Na kwa hizo 31 kulikuwa na moja ya maana. Msichana mmoja aliyekaa nyuma kabisa aligundua tarehe zinageuka, mwezi unakaa mahali pa siku, akafuatilia mpaka akapata chanzo, mistari minne tu. Ikafungwa pamoja na takataka zetu. Nimemwandikia mara tatu arudi, tiki za bluu, kimya.

Kwa hivyo hodi kwanza. Wiki mbili kabla, mwandikie mwenye projekti: mko wangapi, siku gani, nani kwenu atapitia kazi kabla haijamfikia, na kama ana kazi za lebo ya "good first issue", yaani kazi ndogo za wanaoanza, anazoweza kuwawekea. Soma faili lake la CONTRIBUTING, linaloeleza anavyotaka watu wachangie, wengine wanataka uombe kazi ndio upewe. Asipojibu ujue hujakaribishwa, enda mlango mwingine. Akisema anaweza watu watano, peleka watano, wale 35 wakae wawili wawili wajaribu kuiwasha hiyo programu kwa laptop zao wakiandika kila mahali maelekezo yamewakwamisha, hiyo karatasi ataipenda kuliko README zenu zote.

Na waje wameshaipakua nyumbani, ama watumie amri ya git clone --depth 1, inayopakua toleo la mwisho tu bila historia yote. Sisi tulikuwa watu 31 kwa hotspoti ya simu yangu, bando iliisha kabla ya mandazi.