Moyo Umesimama, Gari la Wagonjwa Bado Liko Njiani

Mtu ameanguka, haitiki, ila anakoroma na kuvuta pumzi moja moja. Si bado moyo unapiga?

Usidanganyike. Pumzi hizo za kukatakata, kama za samaki aliyetolewa majini, huja dakika za mwanzo baada ya moyo kusimama, na ndizo zinazowachelewesha wengi. Haitiki na hapumui kawaida: anza kumkandamiza kifua. Piga simu ya dharura, weka spika, simu ikae sakafuni karibu nawe. Usihangaike kutafuta mapigo shingoni. Hata wahudumu wa afya huyakosea.

Nikandamize wapi, na kwa nguvu gani?

Mlaze chali sakafuni, si kitandani, maana godoro hunywa nguvu zako. Kitako cha kiganja kikae katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kiganja cha pili juu yake. Nyoosha viwiko, mabega yasimame juu ya mikono. Kwa mtu mzima shuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Wengi hukosea kwa kuogopa kushuka. Kosa jingine halionekani kirahisi: kuegemea kifua bila kukiachia kinyanyuke chote. Kisipopanda, moyo haujai damu, na mkandamizo unaofuata hausukumi kitu. Aliyefunzwa atoe pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30. Asiyefunzwa akandamize mfululizo. Aliyezama majini au mtoto anazihitaji pumzi zaidi, kwa sababu kwao kilichokwisha kwanza mara nyingi ni hewa. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika 2 hata kama hujachoka: kina hupungua kabla hujahisi uchovu.

Nikimvunja mbavu?

Inawezekana. Endelea, mbavu huunga.

Mashine ya kushtua moyo ikipatikana?

Iwashe na uifuate inavyosema. Kausha kifua, bandika pedi moja chini ya mtulinga wa kulia na nyingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Inapopima, asiguswe. Ikishashtua, rudi kukandamiza papo hapo, usingoje kuona kama amezinduka. Ikisema mshtuko hauhitajiki, haina maana amepona: hushtua moyo unaotetemeka ovyo tu, na moyo uliotulia kabisa haiwezi kuuamsha.

Kwa kweli, wangapi hupona?

Wachache: katika nchi nyingi hawafiki mmoja kati ya 10. Kila dakika bila kukandamizwa wala kushtuliwa hupunguza nafasi kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Lakini utafiti wa majumba ya kamari ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba miongoni mwa walioanguka mbele ya watu, moyo ukitetemeka hivyo, walioshtuliwa ndani ya dakika 3 walipona asilimia 74. Waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 49. Walinzi ndio waliokuwa wakiitumia mashine.