Maswali ya wasomaji: bei ya chini, kipimo pungufu

Duka moja linauza ndoo ya mafuta ya kula lita 20 kwa shilingi 110,000. La jirani lina ndoo inayofanana kabisa, imeandikwa kilo 17, shilingi 106,000. Nichukue ipi? (Tabata)

Ya lita 20. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo gawanya kilo kwa 0.92 upate lita. Kilo 17 ni lita 18 na nusu tu. Ukipiga hesabu, ndoo ya kwanza inakupa lita kwa 5,500, ya pili kwa 5,730 hivi. Ukubwa wa ndoo usikudanganye, soma maandishi.

Kwa wanaonunua ya kupima kwa mangi: nenda na chupa yako ya maji ya nusu lita, ijazwe mpaka pale maji yalipokuwa yanafika kabla haijafunguliwa.

Mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 zamani ulifika wiki tatu, sasa mbili haziishi. Naibiwa? (Mbagala)

Huenda, lakini pima kwanza. Kwenye mtungi, sehemu ya juu karibu na mshikio, kumeandikwa uzito wa mtungi mtupu. Tuseme ni kilo 7.3, ongeza 6, mizani inapaswa kusoma 13.3. Mwambie muuzaji aupime mbele yako kabla hujalipa. Akikosa mizani au akianza maneno mengi, nenda duka jingine. Angalia pia lakiri ya plastiki kwenye valvu: ikiwa imelegea au imekatwa, usiupokee.

Mizani ikikubali, mwizi yuko jikoni. Paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira wote. Mapovu yakifura, gesi inavuja: funga valvu, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa. Kisha tazama moto. Ukiwa wa njano na unaacha masizi chini ya sufuria, tundu za jiko zimeziba, na gesi inaungua bila kutoa joto lake lote. Zisafishe kwa brashi jiko likiwa limepoa. Maharage nayo yaloweke usiku kucha; bila hivyo utayachemsha muda mrefu zaidi.

Simu ya shilingi 250,000 naweza kuichukua kwa mkopo: kianzio 60,000, halafu 1,500 kwa siku mwaka mzima. Ni ndogo, hata vocha inazidi. (Temeke)

1,500 × 365 ni 547,500. Ongeza kianzio: 607,500. Unanunua karibu simu mbili na nusu, unabeba moja. Na ukiruka siku kadhaa, simu nyingi za mpango huu hufungwa mpaka ulipe. Ukiweka hiyo hiyo 1,500 kwenye kibubu kila siku, na 60,000 unazo tayari, ndani ya siku 127 unaichukua taslimu.

Tuko majirani watano, tunataka kugawana gunia la maharage. Tuangalie nini? (Kigamboni)

Kwanza, pimeni kwa mizani. Gunia la lumbesa halina uzito unaojulikana, na kisado kilichobonyezwa chini kinakula sehemu yenu bila kelele. Kilo 100 ni 20 kwa kila nyumba. Nyumba inayopika kilo moja na nusu kwa wiki itakaa nazo miezi mitatu hivi. Zaidi ya hapo msinunue, maana maharage ya zamani huwa magumu kuiva na hula gesi.

Pili, ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, weka maharage hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, maharage yana maji kupita asilimia 15 na yataota ukungu. Yakiwa na vitundu, rudisheni: wadudu wameshaingia.

Nyanya za jioni, za bei ya kutupa, zinafaa? (Ilala)

Zinafaa kama jiko litawashwa usiku huo huo. Zichambue, tupa zenye ukungu hata kidogo, zilizobaki pika rojo bila maji. Ukiziacha mpaka asubuhi, moja iliyooza huambukiza fungu zima.