Blondies zangu zina ladha ya sabuni, nimekosea wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilitaka kuoka blondies (vile vikeki bapa vya kukata vipande, kama brownies lakini bila kakao) nyumbani, sukari ya brauni sina nikatumia sukari guru, na beking pauda ilikuwa imeisha nikaponda magadi ya makande nikaweka kijiko kimoja cha chai. Zimetoka nyeusi, katikati zimezama na zina ladha ya sabuni. Shoga yangu anasema ni sukari guru. Kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Sukari guru haina kosa. Ina molasi yake yote (ule uji mweusi wa miwa) na ndiyo inayoleta ile ladha ya karameli, we ikune laini, iyeyushe na siagi kwa moto mdogo, mabonge yakibaki chuja, iache ipoe ndo uweke yai. Basi.

Kilichokuharibia ni magadi, na hapa jamani nimechoka kweli. Kila siku mtu anawaambia watu mtandaoni eti beking pauda ikiisha weka magadi kiasi kile kile, kitu ni kimoja. Si kimoja! Yale mawe ya kutoka Ziwa Natron au Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa baikaboneti ya sodiamu (ndiyo beking soda yenyewe) na kaboneti ya sodiamu. Baikaboneti ikipata joto inatoa gesi, kaboneti kwenye oveni ya nyumbani haitoi kitu, inabaki humo humo na ndiyo hiyo sabuni uliyoisikia mdomoni. Tena inafanya unga ukolee rangi haraka, kwa hiyo juu ukaona nyeusi ukadhani imeiva ukaitoa, kumbe katikati bado mbichi, lazima izame. Hata beking soda halali ya dukani ina nguvu mara tatu hadi nne ya beking pauda, badala ya kijiko kimoja unaweka robo tu, na nusu kijiko cha ndimu au siki.

Na kinachoniuma zaidi, blondies hata hazikuhitaji hicho kijiko. Siagi gramu 115, sukari 200, yai 1, unga 125, chumvi kidogo na vanila, trei ya sentimita 20, nyuzi 175, dakika 20 mpaka 25, ukichoma kijiti katikati kitoke na chembe zenye unyevu, si uji. Zinatoka zimeshikana na zinatafunika, ndivyo zinavyotakiwa. Ukitaka iumuke oka keki.

Sasa wapo wanaosema mwagia siki "iue" magadi. Siki kiasi gani, wakati jiwe la gunia hili na la gunia lile havifanani na hakuna aliyepima? Halafu magadi ya kaskazini mengi yana floridi nyingi, ni moja ya vitu vinavyohusishwa na meno ya kahawia ya watoto wa Arusha na Kilimanjaro, na wewe unaenda kuyaweka kwenye kitafunwa cha mtoto ili uokoe pakiti ya beking pauda. Wanaouza keki za oda ndo wananitisha kabisa, mteja hajui kilichomo, anaona imeumuka anashukuru. Kama huna beking pauda na recipe inaitaka kweli, usioke siku hiyo, nenda dukani kesho. Hizo za kwako tupa, hakuna krimu itakayoficha ile ladha.