Maswali ya Wasomaji: Kasa wa Bahari ni wa Aina Ngapi, na Je, Hatari Imekwisha?

*Barua za toleo hili zimetoka Iringa, Kyela, Mbeya mjini na Njombe, na zote nne zinahusu kasa.*

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari hapa Iringa. Kitabu kimoja tunachotumia kinasema kasa wa bahari ni wa aina saba, na bango lililobandikwa maabara linasema watano. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawajaiona bahari, wanataka kujua lipi ni sahihi na aina hizo zinatofautishwaje.

JIBU: Mwalimu, vyote viwili ni sahihi. Duniani zipo aina saba, na watano kati yao hupatikana katika maji ya Tanzania: kasa uziwa, ambaye wengi humwita kasa wa kijani, ng'amba, duvi, kigome na noa. Wawili waliobaki hawafiki kwetu, kwa kuwa mmoja huishi hasa katika Ghuba ya Meksiko na mwingine hazalii penginepo isipokuwa Australia.

Noa hatawasumbua wanafunzi, kwa sababu hana magamba kabisa; mgongo wake umefunikwa na ngozi nene nyeusi yenye matuta saba yanayokwenda kwa urefu, na ndiye mkubwa kuliko wote, mwenye uzito unaoweza kupita kilo 500. Hao wengine wanne hutambuliwa kwa kuhesabu magamba. Waelekeze wanafunzi watazame kwanza ubavuni mwa mgongo: uziwa na ng'amba wana magamba manne kila upande, duvi ana matano, na kigome ana sita au zaidi. Ili kumtenga uziwa na ng'amba, watazame usoni, katikati ya macho na pua, ambapo uziwa ana jozi moja tu ya magamba na ng'amba ana jozi mbili. Isitoshe, mdomo wa ng'amba umechongoka kama wa ndege, na magamba ya mgongoni mwake hupandana mfano wa vigae vya paa.

Ningependa wasiishie kwenye kuhesabu, maana tofauti zilizo muhimu zaidi ni za maisha yenyewe. Uziwa akishakua hula zaidi nyasi za baharini, ng'amba huchokoa sifongo, wale wanyama wa baharini walioganda mwambani, kwenye matumbawe, duvi huvunja kome na kaa kwa taya zake nene, na noa huwafuata yavuyavu, viumbe laini wanaoelea majini, katika bahari kuu, ambako anaweza kuzama zaidi ya mita 1,000. Kwa hiyo baruti inayolipuliwa kwenye matumbawe humharibia ng'amba makazi na chakula kabla ya mwingine yeyote, ilhali mfuko wa plastiki unaoelea humponza noa, anayeudhani ni yavuyavu. Ama jarife, ule wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na samaki bapa aitwaye taa, halichagui. Kasa hupumua kwa mapafu, na akinaswa chini kwa muda mrefu hufa maji.

Kuhusu kuzaa, uziwa na ng'amba ndio wanaotaga kwenye fukwe zetu leo, na uziwa ndiye mwingi zaidi, hasa katika visiwa vya Mafia, ambako hifadhi ya kwanza ya bahari nchini ilianzishwa mwaka 1995. Wanavijiji waliofunzwa kazi hiyo hupita ufukweni alfajiri kutafuta nyayo, na nyayo peke yake humtaja mwenyewe: uziwa hujivuta kwa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, akaacha alama zinazolingana kulia na kushoto, na ng'amba hupishanisha. Kiota kikionekana kimechimbwa mahali ambapo maji kujaa yatakifikia, mayai, ambayo kwa uziwa huwa mia moja hivi na zaidi, huhamishiwa mahali pa juu. Halijoto ya mchanga ndiyo huamua jinsia ya vitoto. Ukizidi nyuzi 29 hivi, majike huwa wengi, na hapo ndipo ongezeko la joto duniani linapowatia hofu wahifadhi.

Kwa wanafunzi watakaouliza Iringa inahusika vipi, waonyeshe ramani. Ruaha Mdogo unaopita mjini kwenu huingia Ruaha Mkuu, nao huingia Rufiji, na delta ya Rufiji inatazamana na Mafia, hivyo kinachotupwa mtoni kwenu kinaweza kufika kwa kasa hao.

SWALI: Kwetu Kyela wavuvi wa Ziwa Nyasa wakati mwingine hunasa mnyama mwenye gamba laini na shingo ndefu, na watu humwita kasa. Je, ni yule wa baharini aliyepanda mto?

JIBU: Sivyo. Maji ya Ziwa Nyasa hufika Bahari ya Hindi kupitia Shire na Zambezi, lakini njia hiyo ina maporomoko ambayo kasa wa bahari hawezi kuyapanda, na maisha yake yote yamejengwa juu ya maji ya chumvi, ambayo ziada yake huitoa kwa tezi zilizo karibu na macho. Kwa maelezo yako, mnyama huyo ni jamii ya kobe wa maji baridi wenye gamba laini. Mtazame miguu: ana vidole vyenye utando na kucha tatu zinazoonekana wazi, wakati kasa wa bahari ana mapezi. Naye anastahili kurudishwa majini, kwa kuwa idadi ya jamii yake inapungua.

SWALI: Nina duka la urembo hapa Mbeya. Kuna mtu ameniletea bangili za gamba la ng'amba kutoka pwani, akasema kasa ameshatolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, hivyo biashara ni halali. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, huyo ameichukua habari ya kweli akaipachika mahali pasipo pake. Mwezi Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa uziwa katika kundi la walio hatarini, baada ya kuonekana kwamba idadi yake duniani imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Ongezeko hilo lilitokana na ulinzi wa fukwe na kupigwa vita kwa uvunaji wa mayai na nyama, na bado halikufika kila mahali.

Ng'amba ni habari nyingine kabisa. Yeye amebaki katika daraja la walio hatarini mno kutoweka, na kilichomfikisha huko ni hayo hayo magamba ya rangi ya kaharabu yenye michirizi, yaliyofanyiwa vitana, vipini na bangili kwa karne nyingi. Aina zote saba zimo katika kiambatisho cha kwanza cha mkataba wa CITES, unaozuia biashara yao baina ya nchi, na sheria za uvuvi za Tanzania zinakataza kumvua, kumuuza au kumiliki kasa na sehemu zake. Kupanda daraja kwa uziwa hakukubadilisha hata kifungu kimoja. Usizipokee.

SWALI: Binti yangu wa Njombe ameolewa Pemba na ananyonyesha. Je, nyama ya kasa ina sumu kweli?

JIBU: Ndiyo, mama, wakati mwingine huwa nayo, na hakuna anayeweza kuitambua kwa macho wala kwa harufu. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama hiyo, na watu 78 walilazwa hospitalini. Inadhaniwa kwamba sumu hutokana na vyakula anavyokula kasa baharini. Kuchemsha hakuiondoi, dawa maalumu ya kuikata haijapatikana, na imewahi kumfikia mtoto kupitia maziwa ya mama aliyekula. Akipelekewa asile, na akiwa ameshakula aache kumnyonyesha mtoto na wawahi hospitali wote wawili bila kungoja dalili.