Darubini ya .30-06: 3-9x40 inatosha

Umeuliza ufunge darubini gani kwenye bunduki yako ya kuwindia ya .30-06. Chukua 3-9x40 mkuu, yaani inakuza mara 3 hadi 9 na lenzi ya mbele ina upana wa mm 40, hiyo 6-24x50 unayoitaka waachie wanaopiga shabaha za karatasi. Kwenye miombo swala unampiga mita 60, 100, ikizidi sana 150 hivi, sasa darubini inaanzia mara 6 na mnyama katokea karibu, unaona manyoya tu hujui ni bega au tumbo, mpaka ukae sawa keshaondoka. Ukiwa unatembea iache kwenye 3 au 4, ukipata nafasi ya kutulia ndo unaongeza ukuzaji.

Habari ya mwanga wa jioni ni hesabu tu, gawa upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji unapata upana wa mwanga unaofika jichoni, 40 kwa 6 ni karibu mm 6.7, na mboni ya jicho la kijana gizani inafunguka kama mm 7 basi, wazee hata chini ya hapo, kwa hiyo mwanga wa ziada jicho haliupokei. Lenzi ya 50 inakuongezea uzito na inakaa juu mpaka shavu haligusi kitako.

Ila ukihamia bunduki kubwa ya .375 ya mbogo hapo ni 1-6x24, na jicho likae sm 9 au zaidi kutoka kwenye lenzi, maana ile inapiga teke na ukingo wa darubini unachana nyusi, wawindaji kibao wana ile alama ya mwezi mchanga juu ya jicho. Chenji ikibaki nunua ringi na besi za maana, vile vishikizo vinavyofunga darubini kwenye bunduki, zikilegea hata darubini ya milioni mbili haishiki ziro, yaani risasi haiendi pale ulipolenga.