Mataruma ya plastiki: maswali yenu, na leo najibu bila kuzunguka

Wiki mbili zilizopita niligusia tu kidogo mambo ya mataruma ya reli, yale mapande yanayolazwa chini ya reli kukingama, yanayotengenezwa na plastiki kuukuu, na tangu hapo simu haijapumzika. Nimechagua machache. Wale wa "Fundi niuzie mashine" nimewaacha, mimi siuzi mashine.

Fundi, nipe tu reshio ya taruma ya plastiki, moldi ninayo tayari. (Msomaji, Industrial Area)

Reshio ya nini na nini? Hili swali limekuja mara kumi na moja mwezi huu na hakuna hata mmoja ameniambia ana plastiki gani. Plastiki sio kitu kimoja bana. Pindua chombo uangalie kitako, kuna kapembetatu na namba ndani. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni mitungi ya mafuta na chupa za shampuu. Namba 3 ni PVC, yale mabomba. Namba 5 ni viti vya plastiki na vifuniko vingi. Sasa namba 2 inayeyuka kwa kama digrii 130, namba 5 kwa kama 160, na namba 1 haikubali mpaka upite 250, kwa hivyo ukitupa zote kwa mashine moja yenye digrii 200, namba 1 itabaki vipande vigumu vimeelea ndani ya uji wa namba 2 na kila kipande ni mahali ufa utaanzia. Namba 3 ndio mbaya kabisa, ikizidiwa na moto inatoa gesi ya asidi, inakula mashine na inakula mapafu ya kijana uliyemweka hapo bila barakoa.

Niwaambie nilichokiona mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa na oda ya nguzo za ua za kwenda Kitengela, siku zimeisha, nikaletewa mzigo wa mchanganyiko na nikaupitisha. Nguzo zilitoka nyeusi, zinang'aa, ukiziona unasema hapa kazi imefanyika. Miezi minne haijaisha mwenye shamba akanipigia, moja imekatika palepale alipogonga misumari ya kushikilia waya. Nikairudisha karakana Kariobangi nikaipasua na msumeno katikati. Ndani ilikuwa vishimo vishimo kama sponji ya kuoshea vyombo, manake plastiki haikukaushwa na yale maji yaligeuka mvuke humo ndani. Na kulikuwa na vipande vyeupe vya chupa, ukikichokoa kimoja na ukucha kinatoka kizima kama mbegu ya tikiti na kinaacha kitanda chake kisafi, yaani hakikuwa kimeshikana na chochote. Nilirudisha pesa ya watu yote. Na hiyo ilikuwa nguzo ya kuzuia mbuzi, taruma inabeba watu.

Kwa hivyo reshio yako inaanzia kwa gunia. Namba 2 iwe ndio nyingi, iliyochambuliwa, ikaoshwa, ikakaushwa, alafu uongeze kitu cha kuikaza, wengi wanatumia nyuzi za glasi. Mpaka hapo hujafikiria moldi bado.

Hii kitu iko kweli ama ni stori za mitandao?

Iko, na si ya jana. Kule Marekani watu wa Chuo Kikuu cha Rutgers waliisukuma toka miaka ya 90, mwaka wa 1995 yakawekwa kwa majaribio kwenye yadi ya reli Altoona, Pennsylvania. Kuna pia reli ya mzunguko kule Pueblo, Colorado, ya kujaribia vifaa tu, treni nzito yenye tani kama 35 kwa kila ekseli, yaani kila jozi ya magurudumu, inazunguka na kuzunguka mpaka kitu kivunjike ama kithibitike, na mataruma ya plastiki yamepitishwa hapo. Mengine ya mwanzo yalipasuka kwenye matundu ya misumari, hiyo pia mjue. Australia waliyaweka stesheni ya Richmond pale Melbourne mwaka wa 2019. Uingereza waliyaweka 2021 kwenye daraja la Sherrington kule Wiltshire. Wajapani nao wana taruma la povu la urethani lenye nyuzi za glasi toka miaka ya 80, ni zuri sana, lakini hilo lilianza na malighafi mpya kiwandani, kwa hivyo wacheni kunitumia picha yake mkiandika "ona chupa za soda".

Angalieni walianzia wapi. Yadi, ambapo treni inatambaa. Darajani, ambapo konkriti ni nzito mno na mbao inaoza. Hakuna aliyeanza na treni ya mwendo kasi.

SGR yetu, ile reli mpya, mbona haikuwekwa mataruma ya plastiki? Tungekuwa tumemaliza jaa la taka la Dandora. (Msomaji, Syokimau)

Ndugu, hapana, na nitakueleza polepole manake hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Kazi ya taruma sio kulala tu chini ya reli. Inashika reli mbili zisiachane hata kidogo, inapeleka uzito kwa balasti, yale mawe yaliyomwagwa chini yake, na inakaa mahali pake kwenye balasti isisukumwe kando kwenye kona. SGR upana wake ni milimita 1,435 kutoka reli hadi reli. Zikifunguka zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa, gurudumu linadondoka katikati, basi. Sasa plastiki ina tabia moja ambayo konkriti karibu haina: ukiiwekea mzigo ukauacha, inaendelea kurefuka ama kupinda polepole, leo hauoni, mwezi ujao hauoni, mwaka wa tatu unaona. Ongeza joto inalainika zaidi. Nyuzi za glasi zinapunguza hiyo tabia, ndio sababu mtu anayekuambia hazihitajiki anakudanganya. Alafu uzito. Taruma la konkriti la njia pana linaanzia kama kilo 250, na huo uzito ndio unalituliza. La plastiki ni jepesi zaidi na tumbo lake ni laini, linateleza juu ya kokoto, ndio maana watengenezaji wazuri wanachora mifereji ubavuni na chini ili mawe yapate pa kuuma. Treni yetu ya mizigo imepangiwa kontena 216 za futi 20. Hebu fikiria hiyo ikipiga breki kwenye kona.

Konkriti iliyoko iko sawa, iacheni. Mahali pa kuanzia ni ile njia ya zamani yenye upana wa mita moja, na hata hapo si kila mahali: vichochoro vya yadi, reli za ndani ya magodauni, madaraja madogo, na mahali reli zinapogawanyika ambapo unahitaji taruma refu la kukatwa kwa kipimo. Plastiki unaikata na msumeno na kuitoboa kama mbao. Hiyo ndio nguvu yake. Na hesabu ya takataka pia iko hapo usidhani ni ndogo, ukipanga kila sentimita 60 unahitaji karibu mataruma 1,667 kwa kilomita moja, kila moja likibeba kilo themanini hivi za plastiki, hizo ni zaidi ya tani 130. Kilomita moja tu ya yadi. Lakini Dandora haitaisha kwa reli, pale jaa limefunguliwa toka 1975 na sehemu kubwa ya kinachomwagwa ni maganda na mabaki ya chakula. Mtu akikuahidi reli itamaliza Dandora, shika mfuko wako.

Jua la Makueni halitayayeyusha?

Halitayeyusha, reli yenyewe ikichemka saa nane mchana inafika digrii 60 hivi na plastiki inataka 130. Shida ni kufutuka. Plastiki tupu inafutuka na kunywea mara kumi ama zaidi kuliko chuma, na taruma likirefuka, reli zinaachana. Tena nyuzi za glasi. Na weka masizi ya kaboni, ndio yanafanya iwe nyeusi na kuikinga na jua, zile za rangi ya kijani za kupendeza muachie bustani.

Nina mashine ya pevi za plastiki na mchanga, naweza kutumia hiyohiyo?

Hapana. Pevi inakanyagwa, taruma linapindwa. Nzambi Matee amethibitisha hapahapa Nairobi kwamba pevi ya plastiki na mchanga inabeba vizuri, na ni kazi ya heshima, lakini mchanga huo huo ukiupeleka kwa kitu cha kupindwa kitakatika kama biskuti.

Si wataiba? Hata ya chuma wanang'oa.

Hapa ndipo plastiki inanifurahisha. Waingereza walipoanza kujenga reli Mombasa 1896, wakafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, waliagiza mataruma yapata milioni 1.2, na walipenda ya chuma sababu mchwa wa huku hawana huruma na mbao. Mchwa hawakula, ila siku hizi wanaokula ni watu wa skrapu. Mnakumbuka Januari 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchi nzima baada ya milingoti ya stima kuhujumiwa. Taruma la plastiki lenye nyuzi za glasi hakuna mtu wa mizani atalinunua, na mchwa hali. Lakini klipu na reli zenyewe bado ni chuma, na kule Kibera 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, reli iling'olewa kwa hasira, sio kwa bei ya skrapu. Hiyo hakuna taruma litaizuia.

Nimepata mataruma ya mbao ya reli ya zamani, bei rahisi, nataka kutengeneza meza na viti vya choma zone, mabaki nichomee nyama. (Msomaji, Ruiru)

USICHOMEE NYAMA. Hata ungeacha kusoma zingine zote, soma hii. Ile rangi nyeusi kwa hiyo mbao ni kreosoti, imetokana na lami ya makaa ya mawe, imeshindiliwa ndani ya mbao ili isioze, na ndani yake kuna kemikali za kusababisha saratani. Weka kipande juani mchana uone, jasho jeusi linatoka kwa nyufa na linanuka kama barabara mpya. Hilo ndilo unataka mtoto aegemee na sahani? Usilipige randa bila kujifunika, usilichome hata nje, usilifanye kitanda cha sukuma wiki, na mabaki usimpe jirani awashe jiko. Kama muuzaji hawezi kukuambia liliwahi kupakwa nini, mrudishie. Mimi hii ndio sababu moja ya kwanza ya kutaka ya plastiki, kabla hata ya mambo ya mazingira.

Matairi je?

Yakisagwa kuwa unga yanaingia kwenye mchanganyiko, wako wanaofanya hivyo Marekani, na Italia kuna taruma la konkriti lililovishwa ganda la plastiki na mpira wa matairi ili kupunguza kelele na kuzuia kokoto zisipondeke. Lakini kusaga kunataka mashine ya maana. Nyinyi mnaochoma matairi kando ya mto usiku mpate waya za ndani, tunawaona, na watoto wetu wanakohoa.

Sisi ni kina mama kumi na wawili, tunaokota Dandora. Tukisikia mataruma yanakuja tuweke aina gani? Na mnunuzi anataka tumuuzie mchanganyiko kwa bei moja. (Kiongozi wa kikundi)

Mama, asante kwa kuandika, wewe ndiye umeuliza la maana kuliko wote wenye moldi. Msikubali bei moja. Akichukua mchanganyiko atachambua yeye na ile faida ya kuchambua atakula yeye, na kazi mikono yenu ilishafanya. Wekeni magunia matatu: mitungi na chupa nzito za namba 2, namba 5 peke yake, chupa za soda peke yake. Vifuniko vya chupa vitoeni, namba yake si sawa na ya chupa yenyewe. Mabomba na chochote cha namba 3 kiwe mbali kabisa. Mtungi wa mafuta ya kupikia usuuzwe kwa maji ya moto kidogo na sabuni, ukauke ukiwa mdomo chini, manake mafuta yanaharibu mzigo kuliko vumbi. Mtungi wa dawa ya shamba msiuguse bila glavu, na msichanganye na mingine. Mkiwa na mizani yenu wenyewe mambo yatabadilika, nimeona vikundi vikipoteza kilo tano kwa kila gunia kwa mizani ya mtu.

Na kwa wenye nyumba za huko mitaani: sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka mtenganishe taka mkiwa nyumbani. Ugali uliolala juu ya chupa ndio unaofanya hawa kina mama waoshe siku nzima.

Nafanya uhandisi, mradi wa mwisho ni taruma dogo la plastiki. Nianzie wapi?

Tafuta kiwango cha kimataifa ISO 12856, ndicho cha mataruma ya plastiki, uone wanapima nini. Alafu usikimbilie mashine ya chuo ya kuvunja. Toa kipande chako cha mita moja, kiweke juu ya matofali mawili, katikati ning'iniza debe lililojaa mchanga, na ukutani nyuma yake piga mstari wa kalamu. Kila asubuhi kabla ya jua na kila saa nane mchana pima kimeshuka milimita ngapi, uandike, siku thelathini bila kuruka. Ukimaliza kipasue na msumeno katikati, unipigie picha ya ndani, sio ya nje.