Nimefyeka miba, imerudi mingi zaidi

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mwaka jana nilinunua ekari nne Kiwangwa, Bagamoyo, nilime mananasi. Shamba lote lilikuwa kichaka cha miba. Vibarua wakafyeka kwa panga, tukapiga moto. Masika yalipokwisha, kila kisiki kilikuwa kimetoa fimbo tele, na mingine inaota hata pasipokuwa na kisiki. Jirani anasema nimwagie oili chafu. Nifanyeje? – Mama Wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye picha uliyotuma naona maua yanayoning'inia, juu waridi, chini njano, na maganda yaliyojisokota vichala vichala. Huo ni mkulagembe. Mizizi yake hutambaa mbali na shina, na ukifyeka au moto ukipita, ndiyo kwanza inachipua. Vibarua wako wameupogoa tu.

Oili chafu achana nayo. Itaharibu udongo unaoutaka kwa mananasi, na mzizi uliokwisha kutambaa hatua kadhaa kutoka kisikini hautaguswa.

Usizivamie ekari zote nne kwa pamoja, utamaliza hela kabla ya miba. Anza na nusu ekari utakayopanda kwanza. Udongo ukiwa umelowa, vibarua wachimbe kwa sururu, wafuate kila mzizi mpaka unapoishia, wautoe nje ya shamba. Kipande kikibaki kinachipua. Ni kazi ya kuvunja mgongo, kwa hiyo patana nao kwa eneo, si kwa siku, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka mvua inyeshe uone kinachoota.

Kwingineko kata chini kabisa, na papo hapo, kabla kisiki hakijakauka, kipake dawa ya kuua visiki kwa brashi. Inunue duka la pembejeo, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, uchanganye kama lebo inavyosema. Usinyunyize shamba zima. Ukiwa na mbuzi, waachie machipukizi wakati bado laini, wayarudie kila yanapotoka.

Mkaa wake ni mzuri, mzito, haumaliziki upesi. Kule Kuba, ambako ulipelekwa kutoka nje ukameza malisho na mashamba ya miwa, wanauita marabu na mkaa wake wanauuza mpaka Ulaya. Wewe kabla ya kuuza hata gunia moja, pitia serikali ya kijiji na ofisi ya misitu ya wilaya upate kibali.

Sasa hukuniambia habari ya ng'ombe. Kama shamba halina uzio, mifugo inayopita inakula maganda huko ilikotoka na kukuachia mbegu kwenye kinyesi, nawe utachimba mpaka uchoke. Matawi ya miba yasiyo na maganda usiyachome. Yarundike mpakani yawe uzio, marefu kwenda juu, hasa upande wa njia ambayo mifugo hupita kwenda kunywa maji.